Tulivyochagua Mji wa Pwani kwa Ndoo na Kipande cha Sabuni

Siku kitindamimba wetu alipomwamkia baba "Shikamoo, mjomba," ndiyo siku mama alipoamua kwamba tunahama. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea, na kwa akili yake mwanaume anayekuja na begi, akalala siku mbili, kisha akaondoka na begi lake, huyo ni mjomba. Mimi sikuona kosa hapo. Baba aliitikia "marahaba" kwa uso wa mtu aliyetafuna kwinini. Nilicheka mpaka nikatolewa nje, na huko nje nikaendelea kucheka kwa niaba ya mdogo wangu wa darasa la kwanza, ambaye alikuwa hajaelewa.

Baba ni dereva wa lori. Anabeba saruji na chumvi kwenye barabara ya pwani, Mtwara, Lindi, Kilwa, anageuza, anarudi tena. Sisi tunakaa Newala, juu uwandani, na lori lake hupanda huku msimu wa korosho tu. Miezi mingine tunampata kama tunavyoupata umeme, kwa kushtukiza. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa kuwa lori haliwezi kuhamia Newala, ilibidi mwalimu ahamie liliko lori. Baba alisema kwake mji wowote wa pwani ni sawa, mradi wiki isiishe hajalala kwenye kitanda chake.

"Hata mkipanga juu ya mnara wa simu," alisema, "nitapanda."

Shida ni kwamba mwalimu hahami kwa kufunga mizigo tu. Anatakiwa ampate mwalimu mwenzake wa huko anakotaka kwenda, aliye tayari kuja huku, wabadilishane vituo. Sasa fikiria mtu ana joto lake, ana samaki wake, halafu umwambie aje Newala kwenye ukungu wa mwezi wa saba unaoingia mpaka kabatini, na bomba linalotoa maji siku likijisikia. Mama alitangaza kwenye kundi la walimu la kwenye simu. Wa Mtwara mjini hakujibu hata mmoja. Wa Kilwa alijibu, akauliza Newala ndiyo wapi, akaelezwa vizuri, akatoka kwenye kundi. Wakabaki wawili: mwalimu mmoja wa Lindi na mwalimu mmoja wa Mikindani. Wakikataa hao, tunakaa mwaka mwingine, na mjomba ataendelea kuamkiwa.

Likizo ya mwezi wa sita tukaenda kuchagua mji. Nguo zetu mama alizibana kwenye begi moja kama mtu anayezichukia. Vitu vya maana aliviweka kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko: kipande cha sabuni ya kufulia, majani ya chai, na mfuko wa kunde.

"Kunde za nini, mama?"

"Za kupimia maji."

Hapa inabidi niwaeleze nyie msiotoka uwandani. Kwetu maji ndiyo habari. Watu wa miji mingine wakikutana asubuhi wanaulizana watoto wameamkaje, sisi tunaulizana, "Kwenu yametoka?" Tunakinga ya mvua kwenye bati, tunayatunza, tunayanywa mpaka kiangazi, na ni matamu kiasi kwamba mtu wa kwetu akienda ugenini akipewa glasi ya maji hunusa kwanza. Akionyeshwa nyumba haulizi vyumba vingapi. Anaangalia paa. Sasa mama alikuwa amesikia kwamba maji ya pwani yana chumvi: sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya machozi, na kunde zinachemka mpaka mkaa unaisha na bado zinapigana na meno. Kwa hiyo mji utakaotoa povu, chai inayonyweka na kunde laini, huo ndio utatupata. Bahari yenyewe, upepo, joto, mbu, vyote hivyo havikuwa kwenye mtihani.

"Na mimi nitasoma wapi?" niliuliza, maana niko kidato cha tatu na nilidhani jambo hilo lina uzito.

"Penye maji," mama alijibu, akafunga mfuniko wa ndoo.

Tulilala Masasi kwa bibi, mama yake mama, nyuma ya ile milima ya mawe. Bibi ni mtu wa kanisani; Jumamosi anafagia kanisa, siku zilizobaki anasema watu. Aliposikia habari za bahari alicheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Maji yote yale," alisema, "na hata chai hupikii! Mungu naye ana utani."

"Bibi, twende tukahamie wote."

"Nikakae na watu wanaotia nazi kwenye kila kitu? Ningefumba macho dakika moja tu, ningeamka nimepakwa nazi."

Asubuhi alitufungashia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwetu, kisha akamvuta mama pembeni akamwambia maneno kwa Kimakua. Mimi Kimakua nakielewa nusu, na nusu niliyoielewa ilikuwa inahusu kumrudisha mume nyumbani kabla hajazoea kutokuwa na nyumba. Mama hakucheka. Alipokea ming'oko kwa mikono miwili, akasema, "Nimesikia, mama," na kwenye basi alikaa na ndoo mapajani kama amebeba mtoto wa nne. Hapo nikajua kwamba kwake haya si matembezi.

Kwangu yalikuwa matembezi. Tulivyozidi kushuka joto lilizidi kupanda, tukaanza kuvua masweta, moja baada ya jingine, mpaka abiria wa nyuma akauliza kama tutafika tumevaa kitu. Halafu Lindi ikatokea na bahari ikatandazwa yote mbele yetu, na mdogo wangu akasimama juu ya kiti akapiga kelele basi zima likasikia:

"Mama! Nani kaacha bomba wazi?"

Watu walicheka mpaka kondakta akasahau kumshusha mtu. Tulipofika chini mdogo wangu hakungoja mtu, alichomoa kikombe kwenye begi akakimbia mpaka majini, akachota, akanywa funda moja kubwa la mtu aliyetoka Newala. Alisimama vile vile na mashavu yamejaa. Akatema.

"Wameyaharibu," akasema kwa huzuni.

Mwalimu wa Lindi alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye magoti yanayolia akikaa na yanayolia akisimama. Alitupokea kwake vizuri sana. Mama alimwamkia, akamuulizia habari za shule na za nyumbani, kisha akaomba maji.

"Ya kunywa?"

"Ya kupima."

Basi yule mwalimu wa watu akakaa kwenye kigoda uani kwake, akimtazama mwanamke asiyemfahamu akifua leso. Povu lilitoka kidogo tu, la aibu. Chai ikapikwa. Niliionja, nikamwambia mwalimu kwamba chai hii mtu anaweza kuilia ugali. Mama alinifinya kwa vidole vya miguu, kipaji alichonacho yeye peke yake. Kunde zikawekwa jikoni, nazo zikaanza kuchemka bila nia yoyote ya kuiva, na ndani ya muda huo wote mwalimu akawa na nafasi ya kuuliza maswali yake.

"Na huko Newala, mwalimu mwenzangu, maji vipi?"

"Yapo," mama alisema.

"Yapo sana," nikaunga mkono. "Mawinguni."

Mwalimu alicheka, alicheka kweli kweli, akapiga paja. Lakini kicheko kilipoisha akauliza swali la pili, na la tatu. Akauliza kuhusu baridi. Mama akasema baridi ni ya kawaida. Mdogo wangu akasema siku moja kuku wetu aliganda, jambo ambalo ni uongo mtupu. Yule kuku alikufa kwa kukanyagwa. Kufika jioni mwalimu aliyatazama magoti yake kama anayaomba ushauri, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Newala ni pazuri, anasikia ni pazuri mno, ila haya magoti hayataki.

Tulitoka na kunde zetu mbichi. Nilingoja kugombezwa, hata mwili niliuandaa. Mama alitembea mpaka stendi, ndoo mkononi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amebaki mmoja. Mikindani ukifungua mdomo, uwe unakula."

Mikindani tulifika kesho yake asubuhi, na baba alikuwa ametutangulia. Lori lilikuwa pembeni ya barabara, na yeye amesimama mbele yake amechana nywele, amevaa shati la kitenge, utadhani anakuja kuposa. Mtoto alificha uso shingoni mwa mama. Baba akajifanya hakuona, akabeba ndoo.

Mwalimu wa Mikindani alikuwa binti mdogo tu, anafundisha darasa la kwanza, ameolewa juzi juzi na mwanaume anayefanya kazi ghala la korosho, Newala. Yaani kwake mambo yalikuwa yale yale ila yamegeuzwa: mume juu, mke chini. Ndiyo maana alijibu tangazo la mama. Lakini Newala hakuwahi kukaa, na alikuwa hajaamua. Kwenye simu alikuwa anasema "tutaona" kila baada ya sentensi mbili. Alikuwa ametutafutia chumba kwenye nyumba ya wageni ya mwenye nyumba wake. Yeye mwenyewe alipanga nyumba ndogo ya nyuma, uani humo humo.

Kabla ya yote baba alitaka kutuonyesha nyumba aliyokuwa ameiona. Alitembea mbele yetu anazungusha funguo kidoleni. Ilikuwa nyumba ya ndoto, sitanii. Ukuta mweupe, baraza refu, ukitupa jiwe linaangukia baharini. Nilijua kwa sababu nililitupa. Baba akanyoosha mikono.

"Upepo huo! Sikia! Mama Fulani, sema kitu."

Fulani ni mimi. Mama hakuuangalia upepo. Alikuwa ameinua kichwa juu.

"Paa la makuti," alisema.

"Ndiyo! Linapoza nyumba."

"Litakinga nini?"

Baba akashusha mikono. "Bomba lipo pale."

"Leo lipo."

"Mke wangu, tuko baharini."

"Bahari utakunywa wewe?"

Ndivyo tulivyoikosa nyumba ya ndoto. Jirani aliyekuwa akitusikiliza ukutani alimwita mkewe aje naye asikie. Nyumba ya pili ilikuwa nyuma ya mahali wanapoziba pancha, haioni bahari hata ukisimama juu ya meza, na ukutani mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwamba ni marufuku kukojoa hapa. Lakini ilikuwa na bati. Bati pana, jipya, lenye mteremko. Mama aliizunguka akiwa ameinua shingo, akafika kwenye kona moja, akasimama, akakanyaga ardhi mara mbili kupima ugumu.

"Tenki langu litakaa hapa," alisema.

Tenki lake ni la plastiki, jeusi, kubwa kuliko jiko letu. Alijinyima mwaka mzima kulipata. Akipita karibu yake hulipiga kofi dogo, na lenyewe humjibu kwa mlio unaomwambia limejaa mpaka wapi. Baba hajawahi kupigwa kofi la upendo namna ile.

"Unataka kuleta tenki la mvua," baba aliuliza taratibu, "pwani?"

"Utalileta wewe. Una lori."

Mchana huo tukafanya mtihani kwenye ua wa nyumba ya wageni. Povu! Mama alisugua leso mara tatu povu likampanda mpaka kwenye viwiko. Mdogo wangu akajitengenezea ndevu. Chai ikawa chai. Kunde ziliiva mapema mpaka tukazila bila kuzipangia, na yule mwalimu binti akaja akala na sisi, akamsifia mama. Mama akawa anacheka hovyo. Sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa anacheka hata nilipokuwa sijasema kitu. Baba akamtazama mama akicheka, akasahau kumeza. Nami nikawa nakula tu, kama nilivyoagizwa, mdomo umejaa muda wote kwa tahadhari.

Kilichotokea jioni kingeweza kumtokea mtu yeyote wa Newala, na hakiwezi kumtokea mtu mwingine.

Baada ya adhana ya magharibi mdogo wangu alienda kunawa miguu, akafungua bomba la chumbani, na maji yakatoka. Akalifunga, akalifungua tena. Yakatoka tena. Alirudi akikimbia, kwa sababu kwetu maji yakitoka mtu hatembei. Na mama, mwalimu mwenye cheti, mwanamke mwenye akili zake, aliinuka kitandani akasema neno moja:

"Jazeni."

Tukajaza. Tulijaza ndoo nyeupe, mabeseni mawili ya nyumba ya wageni, birika, chupa ya chai, vikombe vyote, na chupa ya shule ya mdogo wangu. Tulijaza sufuria ya kunde. Tulijaza poti ya mtoto, ambayo ilikuwa mpya, nasema tena ilikuwa mpya. Korido ilikuwa na ndoo za kudekia, tukajaza. Uani kulikuwa na pipa tupu, tukaunganisha mpira, tukajaza. Mdogo wangu akaleta buti moja la mvua la baba, akaniangalia kuuliza. Nikampa ishara kwamba na hilo.

"Kesho yatatoka tena," baba alisema kutoka kitandani.

"Nani kakuahidi?" mama akamjibu, anafunika birika.

Tulilala usingizi wa matajiri.

Asubuhi mlango uligongwa kwa ngumi. Nilifungua mimi. Alikuwa yule mwalimu binti, amejifunga kanga, amejipaka sabuni uso mzima, jicho moja limefumbwa kwa kuwashwa na jingine limetukodolea kwa hasira.

"Nani kamaliza maji?"

Kumbe pale uani kulikuwa na mnara wenye tangi juu yake, nalo lilikuwa linahudumia nyumba ya wageni pamoja na nyumba yake. Hujazwa asubuhi kwa pampu, na asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa katikati ya kuoga bomba lilipopiga mluzi na kunyamaza.

Akaingia. Jicho lake moja likapita chumbani polepole. Birika. Vikombe vimepangwa mstari dirishani, kila kimoja kimefunikwa na sahani. Mabeseni. Buti la baba limeegemezwa ukutani lisimwagike. Likafika kwenye poti, likakaa hapo.

"Hii ni nini?"

"Ni mpya," nikasema. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la maana tangu Lindi.

Hakuna aliyecheka. Nilimwona anafikiri, mtu akiwa na sabuni usoni kufikiri kwake kunaonekana vizuri zaidi. Alimgeukia mama.

"Kumbe huko hakuna maji."

Baba alikuwa amekaa kitandani na singlendi, ameshika kidole cha mtoto. Mji wetu wote tuliouchagua, na bati lake, na povu lake, ulikuwa umesimama pale mlangoni unasubiri aseme "basi" aondoke nao.

Hakusema basi. Alienda kwake akarudi na simu, akapiga, akaweka sauti ya juu ili na sisi tusikie.

"Wewe. Uliniambia Newala maji yapo."

"Yapo, mke wangu," sauti ya mwanaume ikasema, ya usingizi.

"Yanatoka kila siku?"

Jogoo wa Newala akawika kwenye simu.

"Yakitoka, yanatoka vizuri."

"Mara ya mwisho yalitoka lini?"

"Lakini umeamkaje, mpenzi?"

Baba alitoka nje akiwa ameuma singlendi, mabega yanatetemeka. Mwalimu akakata simu.

"Nimeolewa na mwongo," alisema, akakaa kwenye kiti.

"Hapana," mama alisema. "Umeolewa na mtu anayekutaka kule."

Halafu mama akamwambia kweli yote. Sijui kwa nini. Labda alichoka kusema "yapo". Alimwambia miezi ambayo bomba halikohoi. Alimwambia foleni, alimwambia maji ya kununua kwenye madumu, alimwambia nguo zisizokauka wakati wa ukungu, alimwambia hata mwezi wa saba unalala na soksi. Kila alichosema nilikiona kinatutoa Mikindani hatua moja. Nilitaka nimfinye kwa vidole vya miguu lakini kipaji hicho sikurithi. "Nami nimeishi huko miaka yote hiyo," mama akamalizia, "ila sijawahi kuishi huko na mume wangu. Wewe wako yuko huko tayari. Shida ya maji utaizoea. Hii nyingine mimi nimeshindwa."

Sabuni ilikuwa imemkaukia mwalimu, akiongea inapasuka kama ukuta wa chokaa. Sikuweza kuvumilia tena.

"Mwalimu, nikuonyeshe tunavyonawa?"

Mama alinitazama. Nikachukua kopo moja, moja tu, nikamtoa mwalimu mpaka uani. Nikamwonyesha: unainama, unashika kopo kwa mapaja, kiganja cha kwanza cha macho, cha pili cha uso, usirushe, paka. Yanayodondoka yanapokewa na beseni. Ya beseni yanaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Yanayobaki ni ya miguu, kidole kwa kidole, na ya miguu yanaenda kwenye mchicha, na mchicha hauulizi. Wageni wa vyumba vingine walitoka na miswaki midomoni. Mzee mmoja aliomba nirudie hatua ya mapaja. Mwalimu alifanya, akakosea, akajimwagia sikioni, akaanza kucheka, akicheka maji yanamponyoka, yakimponyoka nampigia kelele, "Hiyo ni chai ya watu wawili umemwaga!" Mwishowe akasimama safi, anang'aa, na kopo bado lina maji kidogo chini.

"Na nywele?" aliuliza.

"Nywele ni Jumapili."

Alikaa kwenye ngazi za mnara mpaka pumzi ikarudi. Alipouliza swali lililofuata hakuniuliza mimi, alimuuliza mama, tena kwa utaratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Hiyo nyumba mnayoiacha. Kuna kitu cha kukingia?"

Nikajua mama anafikiria nini, kila mtu wa kwetu pale alijua.

"Kuna tenki," mama alisema.

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Linabaki?"

Jamani. Nimewahi kumwona mama kwenye misiba, nimewahi kumwona siku ya matokeo yangu ya kidato cha pili, lakini sijawahi kumwona anapigana vile na uso wake. Alimtazama baba, aliyekuwa amesimama uani kwa singlendi, anamwaga maji kutoka kwenye buti lake na kumwambia mtoto, "Ona, mvua," na mtoto ananyoosha mikono akitaka tena.

"Lina ufa mdogo karibu na koki," mama alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Nimeuziba. Usiuguse. Mvua ya kwanza usiikinge, inaosha vumbi la bati, iache ipite. Bati ulifagie mwezi wa kumi. Na watoto wasilipande."

"Sina watoto."

"Utakuwa nao. Wasilipande."

Ilichukua muda mpaka mwalimu binti akaelewa kwamba hilo lilikuwa jibu. Akainuka akamshika mama mikono yote miwili. "Basi nakuja," alisema. "Nakuja, mama yangu. Lakini yule mwanaume kwanza nitamnawisha kwa kopo mwezi mzima." Mimi na mdogo wangu tukaanza kuruka, bila mpango, tunazunguka pipa, na mtoto akaturukia katikati kwa kuwa hakutaka kuachwa. Mzee wa mswaki alipiga makofi bila kujua anashangilia nini.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipofika. Alilitazama pipa lake, akatazama ndoo za korido, akaingia chumbani, akatoka.

"Hongereni," alisema. "Sasa yarudisheni yote mlikoyatoa. Wengine nao wanataka kwenda msalani."

Kwa hiyo furaha yetu tuliifanyia mazoezi kwenye ngazi. Baba alipanda juu ya mnara, mwalimu akasimama katikati, mama chini yake, mimi na mdogo wangu tukawa tunachota, na ndoo zikapanda mkono kwa mkono. Poti ilikataliwa na kila mtu, hata nilipowaapia kwamba ni mpya. Baada ya muda baba alikuwa amelowa mpaka singlendi imemganda, anacheka peke yake huko juu, na akaanza kutupigia kelele ili uani kote wasikie.

"Mmeona lakini alivyolitoa tenki? Kalifikiria hilo! Siku ananikubali mimi hakufikiri hata nusu ya hapo!"

"Ndiyo maana safari hii nimefikiri," mama alisema, akampandishia ndoo nyingine.